Onyo la Uwongo na Dhamana ya Mwenye Amana

Kuna suala lililoulizwa barazani kwetu baada ya swala ya Isha, likawagawa watu waliokuwa wameketi kwa salama wakinywa kahawa, na mpaka leo wako wasioridhika na jawabu. Nalileta hapa kwa kuwa silioni kuwa ni la mtaa mmoja.

Tuna chama cha maziko. Kila nyumba hutoa kidogo kila mwezi, na ukifika msiba, sanda na gari hupatikana bila ya mfiwa kupita akikopa. Daftari la chama lilikuwa la karatasi miaka mingi, kisha likahamishiwa katika kompyuta, na zile karatasi, kwa bahati mbaya, zikaliwa na mchwa. Kompyuta ikakaa kwa mweka hazina, mtu mzima mcha Mungu ambaye hapana aliyepata kumtuhumu hata kwa senti moja. Usiku mmoja, akiwa katika intaneti akitafuta nyakati za swala, kioo kikageuka chekundu, kengele ikalia, na maandishi yakamwambia kuwa programu zake zimepitwa na wakati, mashine imeingia virusi, na asipobonyeza pale chini katika dakika tano kila kitu kitapotea. Maskini akabonyeza. Asubuhi yake mafaili yote yalikuwa yamefungwa kwa ufunguo asiokuwa nao, na barua ya kudai fedha imeachwa juu ya kioo. Akiba yenyewe ilikuwa salama benki. Kilichopotea ni kujua nani ametoa na nani hajatoa.

Suala likawa hili: je, yampasa alipe gharama ya kuyarudisha yaliyopotea?

Wanazuoni wetu wameeleza wazi kuwa aliyewekewa amana hadhamini ikipotea mikononi mwake, ila akiwa amevuka mipaka au amezembea. Hapo hapana ubishi. Ubishi ni kama kusadiki onyo la uwongo ni uzembe.

Kabla ya kumhukumu aliyesadiki, na tumtazame aliyeonya. Mwizi tuliyemzoea huvunja mlango akaingia. Huyu hupiga ukelele wa mwizi, nawe ukamfungulia mwenyewe ili akusaidie. Abu Daud amepokea kuwa masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), mmoja wao akalala, mwenziwe akaiendea kamba aliyokuwa nayo akaichukua, na yule akashtuka kwa hofu. Mtume akawafahamisha kuwa si halali Mwislamu kumtia hofu Mwislamu mwenziwe. Kwa kamba tu! Basi itakuwaje kwa mtu aketiye kitako akaitunga hofu, akaipaka rangi nyekundu, akaitia kengele, akaipeleka usiku katika nyumba za watu asiowajua, ili ale mali yao?

Wala dhara yake haikomi kwenye mali. Sote twakumbuka Mtume alivyopanda juu ya Safa akawaita makabila ya Makka. Hakuanza kwa kuwaonya. Aliwauliza kwanza kama watamsadiki akiwaambia kuwa nyuma ya mlima wako wapanda farasi wanaotaka kuwashambulia, nao wakakiri kuwa hawajapata kuona uwongo kwake. Ndipo alipowaonya. Onyo lina mtaji wake, na mtaji huo ni ukweli wa siku zilizotangulia. Huyu mwongo wa kompyuta hana mtaji, kwa hivyo huiba wa wengine: hujivika jina na alama ya mwenye programu wa haki. Akishakula akaondoka, aliyeliwa hasadiki tena hata onyo la kweli, na hasara hiyo hapana benki iwezayo kuirudisha.

Na usidhani wafanyao mambo haya ni majambazi waliojificha tu. Mwezi wa Machi 2019 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani ilitangaza kuwa maduka ya Office Depot na kampuni ya Support.com wamekubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza madai kuwa waliwahadaa wateja. Kwa maelezo ya Tume, mteja aliyepeleka kompyuta yake ikaguliwe aliulizwa maswali manne, mojawapo likiwa kama mashine imekuwa nzito. Akisema ndiyo hata kwa moja, ukaguzi ulitoa matokeo kuwa kuna dalili za virusi, kisha akauziwa matengenezo. Mashine ipi ya zamani isiyokuwa nzito?

Ama upande wa mweka hazina wetu, mimi nilimwuliza jambo moja ambalo baraza halikumwuliza. Je, kabla ya usiku ule, mashine ilipata kumwomba kwa upole atie programu mpya? Akainamisha kichwa. Alisema iliomba kwa muda wa miezi saba, kila alipotaka kuizima, naye akabonyeza palipoandikwa baadaye.

Hapo ndipo lilipo kosa, na si kosa dogo. Programu hutengenezwa na wanadamu, na kazi ya mwanadamu haikosi tundu. Tundu likijulikana, mwenye programu hutoa kiraka, na tangu siku ile wezi nao wamekwisha ambiwa tundu liko wapi. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka ule ule, kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita palepale, kikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, hata hospitali nyingi za Uingereza zikawa zinawarudisha wagonjwa wenye miadi. Kiraka kilikuwako kwa karibu miezi miwili. Watu walikuwa wakisema kesho.

Lakini mbona aliyekataa miezi saba alikubali katika dakika moja? Nimelifikiri sana jambo hili, na naona ni kwa kuwa moyoni alijua ana deni. Onyo la uwongo lilipomwambia kuwa programu zake zimepitwa na wakati, halikumwambia jambo geni. Lilimwambia lile alilokuwa akilikimbia. Lau angekuwa amefanya lililompasa, angeweza kuitazama kengele ile na kuiambia kuwa inasema uwongo, yeye ametia juzi. Mhadaa hakumjua mtu huyu, ila alijua kuwa wengi wetu tuko hivyo.

Basi mtu atapambanua vipi? Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuihakiki habari ya fasiki kabla ya kuitendea, na wanazuoni wa hadithi walitufundisha njia: waliuliza neno limepokewa kwa nani. Ukurasa wa intaneti hauna macho ya kuchungulia ndani ya mashine yako ukaona virusi. Ukidai umeviona, umekwisha jitia uwongoni. Onyo la haki hutoka ndani ya mashine yenyewe, halipigi king'ora, halikuhesabii dakika, wala halikupi nambari ya simu ya fundi. Ukiingiwa na shaka, funga ukurasa, na ukikataa kufungika zima mashine, kisha nenda mwenyewe katika mipangilio uulize kama kuna programu mpya. Ni kama mtu abishaye hodi akidai katumwa na benki: humwulizi yeye kama ni mkweli, unakwenda benki. Na yako mengine hayahitaji hata kuulizwa. Tarehe 24 Oktoba 2017, Urusi na Ukraine, watu waliambiwa na kurasa za intaneti watie Flash mpya, wakabonyeza, na mafaili yao yakafungwa. Leo Flash yenyewe imekufa. Mwenyewe, kampuni ya Adobe, aliiacha tarehe 31 Desemba 2020. Akuambiaye uitie mpya anakutuma ukamwamkie maiti.

Hata hivyo, haki yataka niseme kuwa sanadi nayo yaweza kuwa sahihi na habari ikawa na sumu. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilianzia Ukraine kwa kupita katika programu mpya ya hesabu iitwayo M.E.Doc, iliyotoka kwa mwenyewe hasa, baada ya wezi kumwingilia. Aliyeipokea siku ile alifanya lililompasa, akadhurika. Kwa hivyo kuhakiki peke yake hakutoshi. Yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake na kumtegemea Mungu aliambiwa amfunge kwanza. Kumfunga ngamia katika mambo haya ni kuweka nakala ya daftari katika kifaa kingine kilichochomolewa, kikae kabatini.

Nikasema barazani, na ninasema hapa, kuwa kwa kubonyeza usiku ule hana dhamana. Alihadaiwa, na dhambi ni ya aliyemhadaa. Kwa ile miezi saba, na kwa kukaa bila ya nakala, ana sehemu yake. Lakini nasi tuna yetu. Tulimpa amana tusimpe fundi wa kumwelekeza, na mikutano yote tuliyokaa hapana hata mmoja wetu aliyeuliza iko wapi nakala. Mzee mmoja alikasirika kwa neno hilo akaondoka na bakora yake, kahawa hakuimaliza.

Mwishowe mweka hazina alijitolea nusu ya ujira wa fundi, na chama kikatoa nusu. Fundi hakuweza kuyafungua mafaili, na waliodai fedha hatukuwapa. Daftari limeandikwa upya kutokana na stakabadhi, nyingi zikitoka katika kasha la bibi mmoja aliyekuwa akihifadhi zake na za binti zake wote. Zimebaki nyumba kumi na moja zisizokuwa na ushahidi. Tumeafikiana zihesabiwe kuwa zimetoa.