Kasi Isiyo ya Dereva

Gari la mashindano likikupita kwa kilomita 120 kwa saa, linakata mita 33 kila sekunde. Kamera ikifungua pazia lake kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, gari linakuwa limesogea sentimita tatu tu, na picha inatoka safi mno: nati za rimu zinahesabika, kokoto zimening'inia hewani. Mwonyeshe mtu ambaye hakuwepo, atadhani gari limeegeshwa na kuna mtu amelirushia mchanga. Punguza pazia hadi sehemu moja ya 60, nalo litasogea zaidi ya nusu mita kabla pazia halijafunga. Hapo ndipo ufundi unapoanza, kwa sababu mpiga picha aliyesimama tuli ataambulia ukungu mtupu. Hana budi ageuke pamoja na gari.

Kugeuka huko kuna adabu yake. Miguu ipanuke kidogo, viwiko vibane mbavu, kiuno ndicho kizunguke, si mikono. Unalipokea gari lingali mbali, unalifuata mpaka mwendo wako na wake ulingane, unabonyeza bila kusita, kisha unaendelea kugeuka hata baada ya kamera kulia. Wengi hukosea hapo mwisho. Wakishabonyeza tu, mwili unasimama, na picha inaharibika. Gari likitulia ndani ya fremu yako, kila kitu nyuma yake kinageuka michirizi, na mtazamaji anahisi mwendo bila kuambiwa.

Mfaransa Jacques Henri Lartigue alilijaribu hili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, katika mbio za magari nchini kwao. Aligeuza kamera, gari likamzidi. Gurudumu likatoka limelala mbele, watazamaji wamelala nyuma. Kwa vipimo vya darasani ile ni picha mbovu, na bado ina kasi kuliko picha nyingi za leo zisizo na doa.

Sasa njoo Kilosa. Hapa hakuna magari ya mashindano yanayopita kila wikendi, lakini kuna bodaboda, na kwa anayejifunza hiyo ni neema. Bodaboda inayokwenda kilomita 30 kwa saa, ukiipiga kwa sehemu moja ya 15 ya sekunde, inasogea sentimita 55 na kidogo. Ni umbali uleule wa gari la kilomita 120 kwa sehemu moja ya 60. Simama umbali uleule, tumia lenzi ileile, na michirizi ya mkonge kule Kimamba itakuwa mirefu sawa na ile anayoipata mwenzako aliyesimama Naivasha kwenye Safari Rally. Tofauti ni kwamba wewe unashikilia kamera kwa muda mrefu mara nne, kwa hiyo mkono wako ndio unaopimwa, si injini ya mtu.

Nasisitiza hesabu hii kwa sababu ya tabia moja niipingayo. Kijana mwenye kamera anamsimamisha dereva wa bodaboda, anamtolea elfu mbili, kisha anamwambia, "Kaka, pita tena, ongeza moto!" Picha haikuhitaji moto huo. Ilihitaji pazia la polepole na kiuno kilichozoea. Anayemwongezea mwenzake hatari ili afiche uchanga wake katika ufundi, mimi simwiti mpiga picha jasiri, maana ujasiri wenyewe ameuazima kwa mtu asiye hata na kofia ngumu.

Mashindano yana utaratibu wake. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda East African Safari mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell katika Peugeot 404, na zama zile barabara zilibaki wazi kwa kila mtu, pamoja na malori na ng'ombe. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, vipande vya mbio vilikuwa vimefungwa kwa wapita njia. Dereva amekubali, watu wamepangwa mahali, na mpiga picha mwenye akili hasimami upande wa nje wa kona.

Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inakatiza Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kilomita 50 hivi. Swala, nyati, twiga na tembo huivuka watakapo, na mabango yanaorodhesha faini ya kila mnyama atakayegongwa. Anayekimbia kilomita 100 kwa saa hula mita 28 ndani ya sekunde moja tu, mguu haujafika kwenye breki. Hapa ndipo ufundi wetu unaponitia mashaka. Mbinu hii inapendeza kwa sababu inafuta kilicho kando ya njia, na Mikumi kilicho kando ya njia ni majani yenye swala ndani yake. Picha ya gari linalopaa katikati ya michirizi ya kijani inaona kama dereva mwenye haraka anavyoona. Sitaki kuipiga pale, hata kama mwanga wa jioni ni mzuri kiasi gani.

Napendelea Mikumi mjini, kwenye matuta. Basi likishuka hadi kilomita 20 kwa saa, sehemu moja ya kumi ya sekunde inatoa nusu mita ileile. Ni kazi ngumu, picha nyingi zitatupwa, na pengine utabaki na moja ambayo uso wa abiria dirishani unasomeka huku maduka yakiyeyuka nyuma yake. Ukiichapisha, andika chini yake kwamba basi lilikuwa linavuka tuta. Wapo watakaokubishia.