Nasaha kwa Mwalimu Aliye Mazoezini



Barua ya kupangiwa shule umeshaipata. Chuoni wamekufundisha azimio la kazi, andalio la somo na mbinu shirikishi, nami sina la kuongeza hapo. Haya ninayokuandikia ni ya mwenendo, na yote yanatoka katika jambo moja: mazoezi ni yako wewe, mwanafunzi hafanyi mazoezi. Ukiboronga mada ya umeme, mwakani utaifundisha vizuri zaidi. Yule wa Kidato cha Pili ataifundishwa mara moja tu, kisha ataikuta kwenye Upimaji wa Taifa, na msahihishaji hatajua kwamba mwalimu wake alikuwa bado anajifunza. Kila neno linalofuata lipime kwa hilo.

Ingia kwa adabu. Siku ya kwanza ripoti kwa mkuu wa shule, kabidhi barua, kisha mtafute mwalimu wa taaluma akupe ratiba. Kitabu cha mahudhurio saini kwa saa uliyofika kweli. Usimsainie mwenzako, wala usiombe kusainiwa. Uliza mambo madogo kabla hayajakuaibisha: chai ya saa nne inachangiwaje, nani yuko zamu, wachelewaji wanashughulikiwaje, mavazi ya walimu ni yapi. Kuuliza si ujinga. Ukiona jambo lisilokupendeza, usilipeleke kwenye kundi la WhatsApp la wenzako wa chuo. Mwalimu mwenyeji akikosea mbele yako, mwulize mkiwa wawili, kamwe si mbele ya wanafunzi.

Tena yapo mazoea ya mwenyeji kukuachia vipindi vyake vyote na kutoonekana hadi siku unayoondoka. Ukikutana nayo, usinung'unike pembeni. Mwendee kwa heshima: "Mwalimu, naomba ukae darasani kwangu kipindi kimoja kila wiki, unirekebishe." Ombi la namna hiyo si rahisi kukataliwa, nalo linawakinga wanafunzi wasiachwe na mtu ambaye hakuna anayemtazama.

Kosa la ubaoni lisahihishe ubaoni. Tuseme umeandika kwamba hasi tatu mara hasi nne ni hasi kumi na mbili, na darasa zima limenakili. Usiku unasahihisha madaftari, unaona kosa lako limejaa kila ukurasa. Kuna sauti itakayokwambia ukae kimya, eti heshima yako itashuka. Usiisikilize. Kesho anza kipindi kwa kusema, "Jana nilikosea mfano wa tatu, fungueni madaftari," kisha ufanye hesabu upya hatua kwa hatua, nao wafute. Ukiulizwa usilolijua, sema utalitafuta, na kweli ulilete kipindi kinachofuata. Anayebuni jibu ili asionekane mdogo anamwachia mtoto jibu hilo hadi chumba cha mtihani.

Usicheke ulimi wa mtoto. Wengi wa watakaokaa mbele yako Kidato cha Kwanza wamesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, na sasa Biolojia na Jiografia wanazipokea kwa Kiingereza. Mvulana wa dawati la nyuma anasimama kujibu, anaanza sentensi, neno la tatu linamkwama. Darasa linaangua kicheko. Hapo wanakutazama wewe. Ukitabasamu tu, huyo hatanyoosha mkono tena, na wengine kumi waliokuwa wanajipanga kujibu watashusha yao. Nyamazisha kicheko, mwambie amalize kwa maneno anayoyaweza, kisha wewe mpe sentensi iliyonyooka airudie. Na alama za jaribio usizisome kwa sauti kuanzia wa mwisho. Mrudishie kila mtu karatasi yake mkononi.

Siku ya kutathminiwa iwe siku kama nyingine. Unaujua mchezo unaochezwa. Mkufunzi kutoka chuoni anatarajiwa Jumatano. Jumanne mwalimu anafundisha somo lile lile, anagawa maswali na majibu, kisha anawapanga: anayejua jibu anyooshe mkono wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Jumatano mikono inajaa hewani, mkufunzi anaandika kwamba darasa ni changamfu, na mwalimu anapata alama. Lakini wanafunzi wote wamefundishwa siku hiyo na mtu mzima namna ya kumdanganya mtu mzima mwingine, na kipindi cha kujifunza jambo jipya kimepotea. Hao hao ndio utakaowasimamia kwenye jaribio Ijumaa ukiwakataza kuangaliziana. Kwa lugha ipi? Vivyo hivyo na shajara ya somo inayojazwa yote kwa usiku mmoja kabla ya ukaguzi, na maandalio yaliyonakiliwa kwa waliotangulia mwaka jana. Afadhali alama ya wastani uliyoitolea jasho.

Fimbo si yako. Hapa sitazunguka. Kwa kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya Tanzania Bara, viboko hutolewa kwa makosa makubwa ya nidhamu tu, na mwenye mamlaka ya kuvitoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Havizidi vinne, na huandikwa katika kitabu. Msichana huadhibiwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Mwalimu wa mazoezi hatajwi popote hapo. Oktoba 2016 nchi nzima iliona video ya walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi mmoja kwa ngumi na mateke ndani ya ofisi ya walimu, katika shule ya sekondari mjini Mbeya. Walifukuzwa vyuoni. Asiyefanya kazi ya nyumbani mwulize kwanza sababu, kisha abaki aifanye. Akikutukana, toka naye hadi kwa mwalimu wa nidhamu. Ukihisi hasira zimekupanda, wape darasa zoezi la kuandika, usogee dirishani hadi zishuke.

Chora mipaka mapema. Baadhi yao umewazidi miaka mitatu au minne tu, mnapenda muziki mmoja, na ugeni wako unawavutia. Ndiyo maana mipaka uichore wewe. Usimwite mwanafunzi nyumbani kwako, usichati naye usiku, usimpe lifti peke yake. Mwenye shida ya somo msaidie mahali panapoonekana: darasani mlango ukiwa wazi, au ofisini wenzako wakiwapo. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inamfunga miaka 30 jela anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Hata jela isingekuwapo, mtu uliyekabidhiwa alama zake hawezi kukukataa kwa uhuru, na kwa hiyo ndiyo yake si ndiyo.

Simu nayo iache ofisini. Mtoto aliyelia ubaoni si kichekesho cha kurusha TikTok; sura yake na jina lake ni taarifa binafsi, nazo tangu mwaka 2022 zina sheria yake. Wala wanafunzi si watumishi wako: wasikutekee maji, wasikufulie, wasitumwe dukani wakati wa vipindi. Ukianza kuwatoza pesa za tuisheni kwa mada uliyopaswa kuimaliza darasani, umewauzia kilicho chao.

Siri usiiahidi kabla hujaisikia. Huenda akaja mmoja baada ya kengele aseme, "Mwalimu, nikikwambia hutamwambia mtu?" Usimjibu ndiyo. Mwambie, "Nitakusikiliza, na sitakutangaza. Ila likiwa jambo la kukuumiza, nitamwambia mtu wa kukusaidia." Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa. Mpeleke kwa mwalimu wa malezi na unasihi au kwa mkuu wa shule siku hiyo hiyo, kwa sababu wewe una tarehe ya kuondoka, naye atabaki. Chumba cha walimu, hata hivyo, kisikusikie ukilisimulia.

Ondoka kwa utaratibu. Waambie wanafunzi wiki moja kabla, wasije wakakukosa Jumatatu bila neno. Rudisha vitabu vya kiada, ufunguo wa kabati na zana ulizoazima. Mwenyeji wako mwandikie ukurasa mmoja: mada umeishia wapi, ipi hukuieleza vizuri na inahitaji kurudiwa, nani yuko nyuma na amekwama kwenye nini. Usione haya kuandika hiyo ya pili. Alama zako zitakuwa zimeshafika chuoni, na hakuna wa kukuongezea wala kukupunguzia. Ukurasa huo utakuwa umeuandika kwa ajili ya wanafunzi tu. Mwalimu anayeweza hilo, mimi ningempa darasa la mwanangu.