Neno la Kujaza Pengo

Hakuna aliyepitia shule ya msingi katika nchi zetu hizi asiyelijua zoezi la kujaza mapengo. Mwalimu huandika ubaoni sentensi yenye nafasi iliyo wazi, kisha huweka pembeni maneno manne au matano, na mwanafunzi hutakiwa kuchagua moja. Nchini Kenya, katika mtihani wa KCPE uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, karatasi ya Kiswahili ilikuwa na vifungu vizima vilivyotobolewa namna hiyo, na kwa kila pengo majibu manne, A hadi D. Mtoto aliyesoma vizuri hakuhangaika. Ndizi zote kama zilivyokatwa mgombani ni mkungu. Safu moja ya mkungu huo ni chane. Nyuki ni bumba, wezi ni genge, watu waliojaa uwanjani ni umati.

Na lugha yenyewe humpa mkono. Ukimwambia mtoto, "Baba alinunua ____ kikubwa," basi meza imekwisha kukataliwa kabla hajaanza kufikiri, na kitanda kimekwisha kukaribishwa. Upatanisho wa ngeli ni mlinzi wa mlangoni: humzuia asiyehusika na kumpisha mwenye haki.

Zoezi hili nalipenda, na sina nia ya kulidharau. Lakini lina jambo moja ambalo mwalimu hasemi, pengine kwa sababu si kazi yake kulisema. Sentensi ya ubaoni haina mwenyewe. Huyo baba aliyenunua kitanda hayupo popote, na mtoto akiandika "kabati" badala ya "kitanda" hakuna atakayelala chini usiku huo. Ndiyo maana jibu sahihi linaweza kuwa moja tu. Tukitoka darasani tunakutana na sentensi zenye wenyewe, na hapo yule mlinzi wa sarufi huwapisha wengi mno. Maneno matano yanaingia, yote yana upatanisho mzuri, na bado manne kati yake yanaweza kuwa ni dhuluma.

Chukua hilo neno "genge". Watu mia wakikusanyika mbele ya ofisi kudai mishahara yao, mmoja atasema ni umati wa wafanyakazi na mwingine atasema ni genge la wahuni. Sarufi haina ugomvi na yeyote kati yao. Kilichobadilika ni kile ambacho msikilizaji sasa yuko tayari kuona kikifanyiwa watu hao. Umati huzungumziwa, genge hutawanywa.

Au tazama sentensi hii: "Mgombea aliwapa wapiga kura ____." Lugha yetu ni tajiri sana hapa, na sijui kama tuusifu utajiri huo. Kuna rushwa, hongo, mlungula, zawadi, chai, kitu kidogo. Tanzania iliongeza neno jingine lenye heshima zaidi: takrima. Ni neno zuri, la kumkirimu mgeni, na hakuna Mswahili asiyejua kwamba mgeni haachwi aondoke mikono mitupu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, na takrima ikapewa nafasi ndani yake: kitu kinachotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida wa kimila kisihesabiwe kuwa ni rushwa. Kwa hiyo pilau ileile, kanga ileile, viliweza kuwa kosa au adabu kutegemea neno lililowekwa katika pengo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Mimi naona jambo lililo chini ya hukumu ile ni rahisi. Mgeni ni yule aliyekuja kwako. Mpiga kura hakuja. Alifuatwa nyumbani kwake, mwezi wa kampeni, na mtu ambaye miaka minne iliyotangulia hakuijua njia ya kufika pale.

Kwa muda mrefu nilikuwa na kipimo changu cha kuchagua neno, na bado nakiona kuwa ni kizuri kwa mambo mengi. Nilijiuliza: je, neno hili lingebaki lilelile kama anayetajwa angeingia mlangoni sasa hivi? Kipimo hiki kinafaa sana majumbani mwetu. Binti anayetufulia na kutupikia tunamwita "dada" akiwa mbele yetu, na "hausigeli" tukizungumza na majirani. Na mwisho wa mwezi, mshahara unapotakiwa, anarudi ghafla kuwa "kama mwanetu". Ana majina matatu, na kila moja linatoka pale linapotufaa sisi. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, humwita mfanyakazi wa nyumbani, jina kavu lisilo na udugu wowote. Lakini ni jina pekee kati ya yote ambalo akilisikia anaweza kudai kitu kwalo.

Hata hivyo kipimo hicho kina mahali kinapokatika, na hapo ndipo hasa nilipotaka kumfikisha msomaji.

Katika miaka ya mwanzo ya 90 nilikuwa naishi kijijini upande wa Kagera, mkoa ambao wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waligunduliwa mwaka 1983. Misiba ilikuwa mingi. Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko unaosomeka, mara nyingi niliitwa kuandika wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kabla ya jeneza kuteremshwa. Wasifu una umbo lake linalojulikana: amezaliwa mwaka fulani, amesoma wapi, ameacha mjane na watoto wangapi, na kisha ile sentensi, "Marehemu alifariki kwa ____." Kwa kawaida tuliandika "baada ya kuugua kwa muda mrefu", na kila mtu aliinamisha kichwa.

Msiba mmoja haukwenda hivyo. Baba mkubwa wa marehemu, aliyekuwa msemaji wa ukoo, aliniambia waziwazi, "Mwalimu, andika malaria. Mtoto wetu ameteseka vya kutosha, usimfuate na aibu hadi kaburini." Nilikuwa nimekwisha kuandika herufi ya kwanza pale mjane aliponyanyuka kutoka mkekani walipoketi wanawake akaja mlangoni. Alikuwa ndiye aliyemuuguza mumewe hospitalini, na daktari alikuwa amemwambia. Hakupaza sauti.

"Baba," alisema, "mkiandika malaria, baada ya matanga mtanipa shemeji anirithi."

Mzee alimwambia hilo ni jambo la ukoo, litazungumzwa baadaye.

"Litazungumzwa kwa neno lipi, Baba? Shemeji ana mke na mtoto anayenyonya. Mimi nikinyamaza leo, nitakuwa nimewazika na wao."

Huyo shemeji alikuwa amesimama nje karibu na dirisha, na sijui alisikia kiasi gani. Tulinyamaza muda mrefu. Mwishowe mzee alisema, "Mama, sasa watoto wako nani atawaoa? Nani atakunywa maji katika kikombe chao?" Na hilo halikuwa swali la hila. Siku zile mtoto wa marehemu wa Ukimwi aliweza kuachwa peke yake kwenye dawati. Dawa za kupunguza makali zilikuwa bado miaka mingi kutufikia. Kulitamka neno lile ilikuwa ni kumtangaza mjane mwenyewe kuwa naye yuko njiani.

Hapa ndipo kipimo changu kilipotumbukia. Anayetajwa asingeweza kuingia mlangoni. Alikuwa amelala chumba cha pili akisubiri kubebwa. Na kama angeingia, nina hakika angechagua malaria. Watu waliokuwa hai katika sentensi ile walikuwa wengine: mjane, shemeji, mke wa shemeji, mtoto mchanga, watoto wa marehemu. Kila mmoja alikuwa na gharama yake, na hakuna neno ambalo lingewalipia wote.

Nimesikia watu wakilimaliza suala la namna hii kwa kusema kwamba ukweli ni ukweli. Ni jibu rahisi kwa mtu ambaye hana mtoto wa kuozesha. Mzee yule hakuwa mwongo wa kawaida. Alikuwa analitumia neno kama shuka, kumfunika mtu wake asitazamwe. Tunafanya hivyo kila siku, na lugha imetuandalia: ndiyo maana binadamu anafariki, wala hatusemi amekufa kama ng'ombe. Kama kila neno la kufunika ni uongo, basi adabu yetu nzima ni uongo, na mimi siamini hivyo.

Lakini shuka lile lilikuwa linafunika pia shimo, na kuna mtu aliyekuwa anatembea kuelekea huko. Nadhani tofauti iko hapo. Neno la kuficha aibu tunaweza kulitoa zawadi kwa marehemu maadamu gharama yake tunailipa sisi tunaolitamka. Likianza kulipwa na mtu ambaye hajaambiwa kwamba anadaiwa, halijawa zawadi tena. Mjane aliliona hilo haraka kuliko mimi niliyekuwa na kalamu.

Wala kuacha pengo tupu hakukuwa njia ya kutokea. Shuleni ukiacha nafasi wazi unapata sifuri na yamekwisha. Katika misiba ile, nafasi tuliyoiacha wazi haikubaki wazi hata siku moja. Mtaa uliijaza kabla hatujafika makaburini. Amekanyaga miwaya, walisema. Ana ngoma. Wengine walisema karogwa, na baada ya hapo ikatafutwa bibi kizee fulani ya kumwelekezea kidole. Maneno ya kejeli na ya hatari yaliingia pale ambapo sisi wenye staha tulikataa kuingia. Nchi jirani walikuwako waliojaza wenyewe. Mwaka 1987 Rais Kenneth Kaunda wa Zambia alitangaza hadharani kwamba mwanawe alifariki kwa Ukimwi mwaka uliotangulia. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, alijitangaza mwenyewe akiwa hai, na kwa miezi iliyombakia alizunguka akizungumza na wanafunzi na waumini hadi alipofariki Desemba mwaka huohuo. Rais alikuwa na cheo cha kumkinga, na mwanamuziki alikuwa na jina. Mjane wa kijijini alikuwa na mkeka.

Mzee alitoka nje akakaa na wenzake chini ya mti. Aliporudi hakusema andika nini. Alisema tu, "Muulize mwenyewe," akaondoka tena kwenda kuangalia wachimba kaburi. Mjane alinitajia neno, nikaliandika, herufi sita. Jioni lilisomwa na katekista kwa sauti ileile aliyosomea mwaka wa kuzaliwa na idadi ya watoto. Shemeji hakurithi. Watoto wawili kati ya wanne walihamishiwa shule nyingine kabla mwaka haujaisha, kwa sababu ileile aliyoitabiri mzee, na swali lake la kikombe sijaweza kumjibu hadi leo.