Ngoma Isiyolia Ni ya Nani?

Wacha nianze kwa kukiri. Niliwahi kubadilisha sauti ya mtu wa kwetu kwa dakika 9 za kelele. Sikuiba, sikumdanganya mtu, na siku hiyo nilijiona mjanja kweli. Ndiyo maana kesi hii inanisumbua mpaka leo: sioni sheria niliyovunja, lakini najua nilikosea.

Kwetu ni Wema, kwenye delta ya Mto Tana, upande wa Garsen. Sisi ni Wapokomo, watu wa mpunga, migomba na maembe, na mto ndio unaoamua mwaka utakuwaje. Mimi naishi Nairobi, chumba kimoja, na ndani ya hicho chumba kuna makreti mawili ya santuri. Nyingi ni za graindikoo na fastikoo.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso. Kama hujawahi kuusikia, huu ni muziki uliozaliwa pale panki na metali zilipogongana miaka ya themanini. Ngoma zinapigwa haraka mpaka zinasikika kama mvua ya mawe kwenye bati, magitaa yananguruma, mwimbaji anapiga ukelele, halafu kabla hujaamua kama umependa, wimbo umeisha. Albamu ya Napalm Death ya 1987, Scum, ina nyimbo 28 kwenye sahani moja, na mmoja wao una urefu wa sekunde moja na kidogo tu. Upande wa kwanza na wa pili umepigwa na bendi mbili tofauti kabisa. Mpiga ngoma peke yake ndiye yuko pande zote.

Mbona nikapenda kitu kama hicho? Kwa sababu kuna siku Nairobi inakujaa kichwani, kodi, kazi, foleni, simu za nyumbani, na hakuna wimbo wa mapenzi unaoweza kusema hayo yote kwa sekunde 40. Na tusidanganyane kwamba huu ni muziki wa wazungu tu. Mwaka 2020 Martin Kanja na Sam Karugu wa hapa Nairobi walitoa albamu yao kama Duma, jina linalomaanisha giza kwa Kikuyu, kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Nilipoweka sindano juu ya hiyo sahani mara ya kwanza nilisimama katikati ya chumba kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani.

Kuna kitu kingine nilichokipenda, nacho ni maadili ya hawa watu. Muziki huu ulienea kwa posta. Mtu wa Birmingham anamrekodia mtu wa Osaka kaseti, wa Osaka anamtumia yake, hakuna pesa iliyopita katikati. Bendi mbili zinagawana sahani moja, moja huku, nyingine kule, ili gharama iwe ndogo. Sahani zinachapwa mia tatu, mia tano, basi. Msingi wake ni kwamba muziki si bidhaa ya duka kubwa. Ni kitu cha kupeana mkono kwa mkono.

Lakini ukichapa sahani mia tatu na watu elfu mbili wanazitaka, unajua kinachofuata. Uchache uliozaliwa na umaskini unageuka kuwa bei. Siku hizi kuna watu wananunua santuri ya panki ya kupinga ubepari kwa pesa ya kodi ya miezi miwili, na hawaifungui plastiki, kwa sababu ikifunguliwa inashuka thamani. Niliwacheka watu hao kwa muda mrefu. Halafu nikawa mmoja wao, kwa njia yangu.

Ilikuwa hivi. Jumamosi moja nilikuwa Kenyatta Market napekua marundo ya santuri, kama kawaida, benga, rumba, soul, nyimbo za dini. Katikati ya rundo nikakutana na sahani ndogo ya 45 isiyo na jalada, kibandiko kimefifia, na majina ya nyimbo mbili kwa Kipokomo. Nilinunua kwa bei ya chakula cha mchana. Nilipofika nyumbani nikaicheza mara moja. Sauti ya mwanamume, gitaa moja, mikwaruzo mingi. Nikatabasamu, nikasema ni kizuri, nikaiweka pembeni. Upande wa pili hata sikuugeuza.

Wiki chache baadaye nikaandikiana na mkusanyaji mmoja wa Ujerumani. Yeye alikuwa na sahani ya fastikoo ya Kijapani niliyoitafuta miaka mitatu, mimi nilikuwa na santuri adimu ya Afrika Mashariki. Nikamwandikia majina yote yaliyo kwenye kibandiko, herufi kwa herufi. Tukabadilishana. Bila pesa, mkono kwa mkono, vile vile maadili yanavyosema.

Desemba nikaenda nyumbani. Jioni tumekaa nje, wakaniuliza pesa ya Nairobi naifanyia nini, nikataja santuri, watu wakacheka. Mzee mmoja jirani yetu, rafiki wa marehemu babu yangu, hakucheka. Akasema, "Ndugu yangu aliwahi kuimba kwenye santuri. Alienda Mombasa miaka ya sabini, akaimba nyimbo mbili. Ya kwetu ilichukuliwa na maji ya El Nino, 1997, pamoja na picha zake."

Nikamuuliza ndugu yake aliitwa nani. Alipotaja jina, chai ilinigeukia mdomoni. Jina hilo nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu, herufi kwa herufi.

Usiku huo sikusema kitu. Hilo ni kosa la pili, na nadhani ni kubwa kuliko la kwanza.

Kila mtoto wa Kipokomo amesikia habari za Ngadji. Ni ngoma yetu kubwa, ngoma ya utawala. Watu wa kawaida hawakuruhusiwa kuiona. Waliisikia tu, ikilia kutoka mahali ilipofichwa, na wakiisikia walijijua kuwa ni watu wamoja. Maafisa wa Kiingereza waliichukua mwanzoni mwa utawala wao, na mwaka 1908 ikaingia British Museum, London. Huko imekaa stoo zaidi ya miaka mia moja.

Fikiria tofauti hiyo. Kwetu, Ngadji ilionwa na wachache na kusikiwa na wote. Kule haisikiwi na yeyote. Tukiwa watoto tulikuwa tunamlaani huyo afisa asiyejulikana, tunajiuliza ni mtu wa aina gani anaweza kuchukua kitu cha watu ambacho hata hakijui kinasema nini. Sasa nilikuwa nimepata jibu. Ni mtu wa kawaida tu anayependa vitu.

Utaniambia: wacha kujitesa bure, kesi yako si hiyo. Afisa alikuwa na bunduki nyuma yake. Wewe ulikuwa na noti mkononi. Kweli. Hakuna aliyelazimishwa. Santuri ilikuwa sokoni, na kama nisingeinunua labda ingevunjika chini ya rundo. Tena kwa Mjerumani imekaa ndani ya mfuko safi, wima, mbali na jua. Hata makumbusho husema vivyo hivyo: sisi tunatunza vizuri kuliko nyinyi.

Hoja hizo zote nimezipima, na naona zinajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Zinasema kitu kiko salama. Hazisemi kiko salama kwa ajili ya nani. Na kuhusu bei, haki ya kununua inamalizana na muuzaji tu. Muuzaji wa Kenyatta Market hanidai. Lakini muuzaji hakuwa ndiye aliyeimba, wala si ndiye aliyefiwa. Kuna madeni ambayo risiti haiyafuti kwa sababu mdai hakuwepo dukani.

Wengine watasema suluhisho ni rahisi: sauti si kitu cha kushikwa, nakili tu. Mimi pia nilifikiri hivyo. Nilirudi Nairobi, nikamwandikia Mjerumani nikamwomba anirekodie pande zote mbili. Alifanya siku hiyo hiyo, bila malipo, na akashukuru kujua mwimbaji alikuwa nani. Sikuona ubaya kwake hata kidogo. Nikamtumia binamu yangu kwa WhatsApp, akampelekea mzee.

Na kweli, muziki huweza kutoka kwa watu bila kuwapunguzia chochote. Mfano mkubwa kabisa ni wa kwetu. Wimbo wa taifa wa Kenya, ule uliotengenezwa 1963, sauti yake inatokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Kila asubuhi ya Jumatatu shule nzima za Turkana, Kisii na Mandera zinaimba usingizi wa watoto wa Mto Tana, na mama wa Wema bado anaweza kumbembeleza mwanawe. Wimbo ukigawanywa haupungui. Kwa hiyo nilidhani nimemaliza.

Binamu aliniambia mzee alisikiliza mara tatu, akamwita mkewe, wakasikiliza tena. Halafu akauliza, "Na yenyewe iko wapi?" Binamu akasema Ujerumani. "Imefikaje huko?" Hapo binamu akanipigia, akampa simu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Imefikaje huko?"

Nikamweleza, safari hii bila kuficha. Alinyamaza. Nilisikia kuku na mtoto analia mbali. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Na wewe ulipata kizuri?"

Nilitegemea hasira. Kwa hasira ningekuwa na majibu. Kwa swali hilo sikuwa na hata moja, kwa sababu jibu la kweli ni ndiyo. Ile sahani ya Kijapani ni nzuri. Bado naikumbuka dakika zote 9. Kupenda kwangu hakukuwa uongo, na nadhani hapo ndipo ugumu wa jambo lenyewe ulipo. Tunapenda kufikiri kwamba kupenda kitu sana kunatupa haki juu yake, ati anayejua thamani ndiye anayestahili. Wakusanyaji wote tunaishi kwa imani hiyo. Lakini mimi nilipenda kelele za watu nisiowajua kiasi cha kutogeuza upande wa pili wa sahani ya mtu wa kwetu. Kupenda kwangu kulinifundisha kusikia upande mmoja tu.

Nilimwandikia Mjerumani nikaomba turudishiane. Alikubali, ila aliomba niongeze sahani ya Duma. Na yeye ni mkusanyaji, simlaumu. Naona haya kusema nilifikiria wiki mbili. Mwishowe nikafunga zote mbili kwa kadibodi na utepe, nikaenda posta.

Aprili niliipeleka Wema mwenyewe, nimeipakata kwenye basi kutoka Mombasa kama mtu aliyebeba mayai. Na hapa kuna jambo lililonivuruga fikra zangu zote kuhusu ngoma ya stoo. Mzee hana mashine ya santuri. Hakuna aliye nayo pale. Aliishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya jina, akaifunga kwa leso ya mkewe, akaiweka juu kwenye boriti za paa, mahali ambapo hata maji ya 1997 hayakufika. Haichezwi. Hailii. Kwa macho ya mtu wa nje, nimeitoa stoo moja nikaipeleka nyingine, tena mbaya zaidi.

Lakini si sawa, na nimekaa muda nikijaribu kueleza kwa nini. Nadhani ni hivi: ukimya wa pale una mtu anayeujua. Mtoto akiuliza juu kuna nini, ataambiwa ni babu yako, aliimba Mombasa, alikuwa hivi na hivi. Wimbo uko kwenye simu, sahani iko paani, na habari iko midomoni. Vitatu hivyo viko nyumba moja. Kule Ujerumani kulikuwa na kimoja tu, nacho kilikuwa kinaitwa adimu.

Sijaacha kukusanya. Wiki iliyopita nimenunua tena, kelele tupu, nimefurahi kama zamani. Bendi za graindikoo zilichapa sahani zao zisafiri; kuzipokea huku ni kuwajibu. Ila siku hizi ninapopekua marundo pale sokoni, sahani ya lugha ndogo ikinijia mkononi nageuza pande zote mbili, na kabla sijawaza bei najiuliza kama kuna mtu mahali anaitafuta. Mara nyingi sipati jibu. Basi nasubiri kabla ya kuiachia.

Kabla sijaondoka Wema nilishindwa kujizuia. Nikamwambia mzee kwamba joto la paa si zuri, santuri itapinda.

Akacheka. "Iache ipinde. Mimi mwenyewe nimepinda, na bado niko kwetu."