Mtoto Akiuliza Habari za Adamu

Ni nyumba chache za Kikristo zenye watoto wa shule ambazo hazijapata kusikia swali hili: "Mwalimu wa Historia ametufundisha habari za zamadamu, na katekista ametufundisha habari za Adamu. Ni nani asemaye kweli?" Mzazi aliyeshtushwa na swali hilo mara nyingi hujibu kwa ukali kwamba maneno ya namna hiyo ni kufuru, na mtoto hunyamaza. Sisi twaona kwamba kunyamaza huko ni hatari kuliko swali lenyewe. Mtoto hakuacha kuuliza. Ameacha kumwuliza mzazi wake. Swali limebaki moyoni mwake na linakua pamoja naye. Siku atakapotoka nyumbani kwenda kusoma mbali, au kutafuta kazi mjini, aweza kuiacha Misa kimya kimya, pasipo kugombana na mtu. Mficha ugonjwa, kifo humfichua.

Basi, tuyataje mambo kama yalivyo. Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona mfupa wa fuvu ukitokeza udongoni. Vipande vyake vingi vikafukuliwa na kuunganishwa. Mwaka 1961 wataalamu wakatangaza umri wa tabaka lile baada ya kuyapima majivu ya volkeno yaliyomo. Ndani ya majivu hayo mna potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka kuwa hewa ya agoni, polepole sana, lakini kwa kadiri isiyobadilika. Kwa kuipima hewa iliyokusanyika, wakapata miaka 1,750,000 hivi. Tena mwaka 1978, kule Laetoli, zilionekana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka 3,600,000 iliyopita. Haya si uzushi wa adui za dini. Ni matunda ya akili yenye bidii, na akili ni kipaji cha Mwenyezi Mungu.

Je, Mama Kanisa ameyaogopa mambo haya? Miaka 1,600 iliyopita, Mtakatifu Agustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alikwisha kutambua kwamba siku za uumbaji haziwezi kuwa siku kama zetu, maana jua lenyewe latajwa siku ya nne. Aliwaonya pia Wakristo wasinene ovyo juu ya nyota na viumbe huku wakisingizia Maandiko, wasije wakachekwa na wasioamini, na Maandiko yakadharauliwa pamoja nao. Mwaka 1950 Papa Pio XII, katika waraka wake Humani Generis, aliwaruhusu wataalamu kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitokana na kiumbe hai kilichotangulia, akishika imara fundisho kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka 1965 Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba ili kuyaelewa Maandiko hatuna budi kuangalia namna za usemi walizotumia waandishi wake. Na mwezi Oktoba 1996 Papa Yohane Paulo II aliwaambia wanachama wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia ya mageuzi ya viumbe haiwezi tena kuhesabiwa kuwa dhana tu.

Sasa tukifungue Kitabu cha Mwanzo chenyewe. Katika sura ya kwanza mtu anaumbwa mwisho, baada ya wanyama. Katika sura ya pili mtu anafanywa kwanza, ndipo wanyama wanaletwa kwake awape majina. Wale waliotuhifadhia sura hizo mbili waliziweka bega kwa bega, nao hawakuwa wajinga wa kutoiona tofauti. Walijua kwamba hawakuwa wakiandika hesabu ya siku. Mataifa yaliyowazunguka Waisraeli yaliliabudu jua na kuusujudia mwezi. Mwandishi wa sura ya kwanza hakuvipa hata majina yake; aliviita mianga miwili tu, mkubwa na mdogo, iliyotundikwa na Mungu imwangazie mwanadamu. Na huyo mwanadamu, wa mavumbi, akasema kuwa ni sura ya Mungu. Hilo ndilo fundisho. Chombo kile kilichopima majivu ya Olduvai chaweza kutuambia fuvu ni la lini. Hakiwezi kutuambia kama binadamu alipendwa na Muumba wake kabla ya kuwako.

Kosa la kuvichanganya vitu hivi viwili laweza kufanywa na pande zote. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji ndiye aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 kwamba ulitokana na chanzo kimoja kidogo mno. Watu wengi walitaka kuifanya nadharia hiyo kuwa ushahidi wa Kitabu cha Mwanzo. Yeye mwenyewe, padre aliyeadhimisha Misa, alikataa. Nadharia ya sayansi yaweza kusahihishwa kesho, na imani iliyoegemezwa juu yake ingetikisika pamoja nayo.

Hata hivyo, hatutaki kumdanganya msomaji kwamba magumu yote yamekwisha. Katika matabaka ya Olduvai mna mifupa ya wanyama waliokufa na kuliwa zamani sana, kabla ya watu kama sisi. Mauti yalikuwako. Twamwelewaje basi Mtakatifu Paulo anaponena kwamba mauti yaliingia kwa njia ya dhambi? Na dhambi ile ya kwanza ilitufikiaje sisi sote? Katekisimu ya mwaka 1992 yasema kwamba sura ya tatu ya Mwanzo hutumia lugha ya mifano, lakini yasimulia jambo lililotukia kweli mwanzoni mwa historia ya binadamu. Namna lilivyotukia, wanateolojia wangali wakiichunguza. Mkristo asione haya kukiri kwamba hapa njia yake ina giza. Waliozika watoto wao hawakungoja fuvu liwafundishe uchungu wa mauti, na tumaini lao halikuwa juu ya hesabu ya siku sita. Lilikuwa juu ya kaburi moja lililoonekana tupu asubuhi ya Pasaka.

Wazazi wapendwa, mtoto akiuliza, msimfukuze. Someni pamoja naye sura tatu za kwanza za Kitabu cha Mwanzo, polepole, mkimwuliza naye anaona zafundisha nini juu ya Mungu na juu ya mtu. Msipojua jibu, semeni kwamba hamjui, kisha nendeni naye kwa padre au kwa mwalimu aliye mwamini. Na ninyi vijana, kuuliza si kukana. Msiache sala kwa kungoja kwanza maswali yaishe, maana hayataisha.

Injili ya Marko yatupa habari za baba mmoja aliyemleta kwa Yesu mwanawe mgonjwa. Alilia kwamba anasadiki, na papo hapo akaomba asaidiwe katika upungufu wa imani yake. Bwana hakumkemea baba huyo wala hakumwambia arudi siku atakapokuwa na imani kamili. Alimponya mwanawe siku ile ile.