Taka Iliyokwisha Tupwa Ni ya Nani?

Tangu chuoni twajua ya kuwa kuondoa kiudhi njiani ni sadaka. Bali mtu akiondoa kiudhi katika njia yake akakitia katika njia ya mwenziwe, je, huyo ametoa sadaka, au amemtwika jirani mzigo?

Sisi watu wa Same tusidhani ya kuwa swali hili lawahusu watu wa pwani peke yao. Mji wetu ni mkavu, na bahari iko mbali. Lakini mvua kubwa ikinyesha milimani, makorongo huchukua kila kilichotupwa humo. Maji ya upande wa mashariki huteremka Mkomazi, na Mkomazi huingia Pangani, na Pangani humimina baharini. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, chupa zingaliko.

Iko miji iliyodhikika kwa uchache wa ardhi hata ikageukia bahari yenyewe. Watu wa Singapore huchoma taka zao, kisha majivu hupakiwa katika matishari yakapelekwa Semakau, ambako pamekuwa jaa tangu 1999. Hapo bahari imezungushiwa ukuta wa mawe wa kilomita 7, nao umetiwa utando na udongo wa mfinyanzi ili uchafu usivuje. Tuseme haki: kazi hiyo yastahili sifa. Kule Kibarani, Mombasa, taka zilimwagwa miaka mingi ukingoni mwa bahari, hata jaa lile likafungwa. Mwenye kulinda taka yake si sawa na mwenye kuimwaga akaenda zake.

Walakini visiwani kule walikaa wavuvi, nao walihamishwa. Tena jaa lenyewe limekadiriwa kujaa mnamo 2035. Basi hata kwa mabingwa hao deni limeahirishwa tu, halijalipwa. Na alianza kulilipa mvuvi, ambaye taka zile hazikuwa zake.

Huenda mtu akasema, "Hapana aishiye pasipo taka." Kweli. Wala kuwa na taka si kosa; kosa ni kuikana baada ya kuitupa. Wazee wa Upare walilijua jambo hili kwa njia ya maji. Ndiva ikijaa tope, watu huitana msaragambo wakaizoa, mwenye shamba la juu na mwenye shamba la chini, kwa kuwa maji ni yale yale. Asemaye, "Yakiisha nipita si yangu tena," huyo atajibiwa mbele ya watu, na jibu lenyewe halitampendeza.

Basi mtu wa Pangani ndiye mwenye shamba la chini kwetu. Sisi hatumwoni, naye hawezi kupanda hata Same kutushitaki barazani. Na huko kwake mtoni hapana ukuta wa mawe wa kupokea tulichokitupa. Zipo nyavu za wavuvi.