Elisi wa Kitabu na Elisi wa Sinema

Watu husema kwamba sinema iliyotolewa katika kitabu ina deni kwa kitabu hicho. Neno hili limekwisha kurudiwa mara nyingi hata hapana aulizaye tena deni lenyewe ni la nini na mdai ni nani. Kama mdai ni mwandishi, aghalabu amekwisha kufa. Kama mdai ni kitabu, kitabu hakiwezi kudhulumiwa, kwa kuwa maneno yake yangali pale pale yalipopigwa chapa. Walakini mtoto aliyekipenda kitabu, kisha akaenda kuitazama sinema yake, mara nyingi hurudi nyumbani na uchungu wa mtu aliyenyang'anywa kitu. Uchungu huo haufai kudharauliwa ati kwa sababu ni wa mtoto. Yafaa kuutafutia asili yake. Na mfano ulio karibu na wasomaji wa Kiswahili ni kisa cha msichana aliyemfuata sungura mpaka shimoni.

Kisa hicho kilianza kwa mdomo. Tarehe 4 Julai 1862 Charles Dodgson, mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Oxford, alikwenda kwa mashua mtoni pamoja na watoto watatu wa kike wa mkuu wa chuo chake, akawasimulia njiani. Mmoja wao, jina lake Alice, alimwomba amwandikie hadithi ile. Ilitoka kuwa kitabu mwaka 1865, kwa jina la Lewis Carroll, na ndani yake mlikuwa na michoro 42 ya John Tenniel. Kiswahili kilimpokea msichana huyo mwaka 1940, pale Sheldon Press ya London ilipotoa Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri nyingine, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Katika kitabu cha 1940 mna jambo moja lipasalo kuangaliwa kwa makini. Elisi aliyechorwa humo ni msichana wa Kiafrika. Mtu mwenye ushupavu wa kulinda asili aweza kusema kwamba huo ulikuwa uharibifu, maana Alice wa Oxford hakuwa hivyo. Lakini ni nani aliyepungukiwa? Maneno ya Carroll hayategemei rangi ya ngozi wala urefu wa nywele. Msichana wake ni mtoto mdadisi, mwenye adabu, asiyekubali upuuzi bila ya kuuliza sababu, na mtoto wa namna hiyo hupatikana kila kijiji. Kwa mabadiliko yale kitabu hakikupoteza kitu, na msomaji mdogo wa Tanganyika au Unguja alipewa mlango wa kuingilia. Basi hapa tayari pana ushahidi kwamba kubadili si kusaliti. Sungura naye alibadilika bila ya mtu kumgusa. Kwa Mwingereza sungura ni mnyama mwoga, na kwa hiyo hapana ajabu akikimbia huku na huku na saa mkononi akichelea kugombezwa na wakubwa wake. Katika hadithi za kwetu sungura ndiye awachezeaye wakubwa. Ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, aitwa Kalulu, na ujanja wake ni ule ule. Msomaji wa Kiswahili akimwona sungura atetemekaye mbele ya bibi wa jumba kubwa hucheka kicheko ambacho Carroll hakukiwazia.

Sinema ya kwanza ya kisa hiki ilipigwa Uingereza mwaka 1903, nayo ilikuwa fupi mno. Iliyoenea duniani ni ile ya Walt Disney ya mwaka 1951, ya picha za kuchorwa. Ndani yake yumo msichana mwenye nywele za manjano, gauni la buluu na aproni nyeupe. Ilipotoka Elisi wa Kiswahili alikuwa amekwisha kutimiza miaka 11. Leo ukimtaka Elisi yule ni lazima umtafute katika rafu za maktaba chache. Ukimtaka yule wa gauni la buluu utampata popote.

Chukua mji wa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni mji wa mpakani. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA zote hupita hapo kuingia Zambia, na malori hupanga foleni kungoja forodha. Wanyamwanga wako upande huu na upande wa Nakonde, na ngano zao zimevuka mpaka tangu kabla haujachorwa. Katika mji kama huo kitabu cha hadithi cha mtoto ni kitu adimu, bali sinema ni kitu rahisi: kijana mwenye kompyuta dukani huijaza katika flashi kwa bei ndogo, na asiye na televisheni kwao hulipa akaketi kwenye benchi la kibanda cha video. Basi mtoto wa Tunduma hakutani na kitabu kwanza kisha sinema, kama wadhaniavyo wahakiki wa mijini. Hukutana na sinema kwanza, na pengine kitabu hakitamfikia kamwe. Hapo swali la deni hubadilika sura. Ikiwa sinema ndiyo kitabu pekee atakachokijua, kilichoachwa nje ya sinema kimeachwa nje ya maisha yake.

Hasara ya kwanza isemwayo ni kwamba picha hufunga jicho la ndani. Jambo hili ni la kweli, lakini limetiwa chumvi. Msimuliaji anaposema uyoga, mtoto wa Songwe huuona uyoga wa kwao, ule ambao mama huuokota msituni wakati wa mvua akimwonya juu ya ule uuao. Kwake shauri la kula kipande cha uyoga usiojulikana si mchezo hata kidogo. Anaposikia kwamba mshauri mwenyewe ni kiwavi, hukumbuka labda kwamba kaskazini mwa Zambia viwavi hukaushwa vikauzwa sokoni kuwa kitoweo, naye huona kichekesho cha kitoweo kumfundisha mlaji. Sinema humwonyesha uyoga mmoja na kiwavi mmoja, basi. Hata hivyo mtoto si chombo kitupu. Akitoka kibandani huyachezea aliyoyaona, akayapindua, akawatia watu wa mtaani kwake mahali pa wale wa picha. Jicho la ndani hufungwa, lakini hufunguka tena.

Hasara kubwa iko mahali pengine, na wachache huitaja. Iko mwishoni, katika baraza la karata.

Katika kitabu, Ghulamu wa Kopa ameshtakiwa wizi wa vitamu vya Malkia. Elisi si mshtakiwa. Ameitwa kuwa shahidi. Wakati kesi inaendelea anaanza kurefuka, bila ya kula wala kunywa kitu, tofauti na nyakati nyingi zilizopita alipokuwa akikua na kupungua kwa chakula na kinywaji cha wengine. Mfalme anasoma sheria kwamba kila mtu mrefu kupita kiasi aondoke barazani. Msichana anamjibu kwamba sheria ile ameitunga sasa hivi. Malkia anataka adhabu itamkwe kabla ya baraza kuamua kama pana kosa. Msichana anasema kwamba huo ni upuuzi. Malkia anaamuru akatwe kichwa, wala hapana anayenyanyua mguu. Ndipo Elisi anapowaambia kwamba wao ni karata tu, na baraza lote linaruka hewani. Amelivunja kwa kusema jina lake la kweli. Tena, naye hakuwa akijitetea nafsi yake. Kesi ilikuwa ya mtu mwingine, aliyekaribia kuhukumiwa bila ya haki.

Katika sinema ya 1951 Elisi mwenyewe ndiye mshtakiwa, kwa kosa la kumwangusha Malkia mchezoni, kosa lililofanywa na paka. Anakua, ndiyo, lakini anakua kwa sababu amekula vipande vya uyoga alivyokuwa navyo mfukoni. Akiwa mrefu anamtukana Malkia kwa ujasiri. Lakini huku akitukana anapungua, mpaka anakuwa mdogo tena mbele ya yule aliyemtukana, sauti ikamkauka. Kisha anakimbia. Karata, Malkia na viumbe wote wa nchi ile wanamfukuza mpaka mlangoni, na anaokoka kwa kuamshwa usingizini.

Mtu asifikiri kwamba tofauti hii ni ya urembo wa picha, ati mbio zapendeza kutazama kuliko maneno. Kitabu kinasema kwamba mtoto aweza kusimama mbele ya mamlaka ya dhuluma, akayaita kwa jina lake, nayo yakaanguka. Sinema inasema kwamba ujasiri wa mtoto hudumu kadiri ya urefu aliopewa na uyoga, na kwamba baada yake hubaki kukimbia. Hata kabla ya kesi, msichana wa sinema amekwisha kuketi msituni akilia, akijuta kutofuata mashauri mema na kutamani kurudi nyumbani. Safari nzima imegeuzwa kuwa onyo kwa watoto wapendao kutangatanga.

Kuna kejeli hapa ambayo yamkini watengenezaji wenyewe hawakuiona. Katika kitabu yumo bibi mmoja, Duchess, ambaye kazi yake ni kutafuta funzo katika kila neno lisemwalo, hata pasipo na funzo lo lote. Carroll alimtia humo kuwacheka waandishi wa zama zake waliowashindilia watoto mafunzo. Disney walimtoa Duchess katika sinema yao. Walimtoa mcheka mafunzo, kisha funzo likaingia kwa mlango wa nyuma.

Sinema ya Tim Burton ya mwaka 2010 yaelekea kulipa deni hili, maana humo Alice ni mwanamwali wa miaka 19 asiyekubali kuozwa kwa mtu asiyemtaka, naye hakimbii. Lakini anavaa deraya, anashika upanga na kukata kichwa cha zimwi. Na mwisho wake anaingia katika biashara ya baba yake ya kufika mpaka China. Ushujaa umerudi, ila umekuwa ushujaa wa upanga, ambao ulimwengu haujapata kuukosa. Ule wa neno moja la kweli umebaki kitabuni.

Mpinzani atajibu kwamba hukumu hii ni kali. Atasema kwamba Carroll mwenyewe, aliyekufa mwaka 1898, aliridhia kisa chake kifanywe mchezo wa nyimbo jukwaani, ukachezwa London mwaka 1886. Basi hakuwa mtu wa kung'ang'ania kurasa. Atasema tena kwamba sinema imewafikia mamilioni ambao hawakuweza kusoma, na kwamba kupata nusu ni bora kuliko kukosa yote. Hoja ya kwanza ni sahihi, nayo haipingani na yaliyosemwa, kwa sababu hapana aliyemlaumu Disney kwa kubadili. Elisi wa 1940 alibadilishwa sura na akabakiziwa ulimi. Alice wa 1951 alibakiziwa sura ya Kizungu na akapunguziwa ulimi. Hoja ya pili ni nzito zaidi. Nusu ni bora, naam, kama mpokeaji ameambiwa kwamba ni nusu. Mtoto wa benchi la kibandani hakuambiwa. Deni la sinema liko kwake yeye, wala si kwa maiti wa Oxford.

Huenda pana mtu mmoja mwenye uwezo wa kulipunguza deni hili, naye ni yule asiyetajwa katika vitabu vya uhakiki: mtafsiri wa kibandani, wa kabila ya Lufufu aliyejipatia jina Dar es Salaam kwa kuzieleza sinema za kigeni kwa Kiswahili. Watu wa elimu humdharau kwa sababu huongeza maneno yasiyokuwamo. Lakini sauti yake hukaa juu ya picha, huigombeza picha, humpa mtu wa pichani jina la mtaani, na pengine husema jambo ambalo picha imelinyamazia. Mtafsiri aliyekisoma kitabu aweza, mbio zile zinapoanza, kuwaambia watazamaji kwamba kuna masimulizi mengine ambamo msichana huyu hakukimbia.

Carroll hakukifunga kitabu chake kwa karata zile. Katika ukurasa wa mwisho dada mkubwa wa Alice ameketi ukingoni, akimwazia mdogo wake atakapokuwa mwanamke mzima, amezungukwa na watoto wa watu wengine, akiwasimulia habari za nchi ile kwa kinywa chake, nao macho yao yaking'aa.